Je, Kikaango Kilichobabuka Chaweza Kurudi Upya?

Katika majira haya ya kahawa tulifika Maguu, katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, tukakaribishwa nyumbani kwa mkulima mmoja Mwislamu ambaye twajuana naye tangu siku nyingi. Tulifika baada ya alasiri. Baridi ilikuwa imekwisha kuanza kushuka mlimani, na kahawa ilikuwa ingali imeanikwa juu ya vichanja. Tulipewa viti, tukaletewa chai, lakini hatukukaa sana kabla ya kutambua kwamba nyumba ile haina raha. Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni peke yake, naye akiweka vyombo chini kwa kishindo. Na mkaza mwana wake alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Baba alitutazama, akacheka kicheko kisicho na furaha, akasema: "Mtatusamehe, wageni wetu. Nyumba hii imegawanyika kwa sababu ya kikaango."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kijana wa nyumba ile alioa Kilwa, na shangazi yake bibi arusi alimtunza mwana wake kikaango cha kisasa, cheusi ndani, laini kama kioo, kile ambacho chakula hakishiki. Kilipofika Maguu majirani walikuja kukitazama. Chapati ilitoka bila mafuta. Yai liliteleza lenyewe mpaka sahanini. Miezi mitatu kikaango kile kilikuwa fahari ya nyumba. Ndipo siku moja mama mkwe alipokiteleka juu ya mafiga, kuni za mkaratusi zikiwaka vizuri, akasikia kuku wamepanda juu ya kahawa. Akatoka mbio. Aliporudi alikuta moshi na harufu kali iliyomkereketa kooni, na kikaango kimebadilika rangi. Akafanya kama alivyofunzwa na mamaye kukifanyia chombo kilichoungua: akakikwangua kwa kijiko cha chuma, kisha akakisugua kwa mchanga na majivu. Ngozi ile nyeusi ikatoka vipande vipande kama ganda la mti.

Mkaza mwana alipoona alilia, akatamka neno ambalo hakupasa kumtamkia mama mkwe. Naye mama akajibu: "Chombo gani cha jikoni hiki, kisichovumilia moto wala mchanga?"

Kijana, akitaka kuwapatanisha, alitafuta dawa katika simu yake. Akakuta watu wengi wenye kuahidi. Mmoja anasema chemsha maziwa ndani ya kikaango. Mwingine anasema paka mafuta ukioke jikoni saa nzima. Wa tatu anauza mkebe wa dawa ya kupuliza. Kijana akapaka mafuta, akakioka. Siku ya kwanza chapati ilitoka. Siku ya pili ilitoka kwa shida. Siku ya tatu ilishika kuliko mwanzo, na mama akasema, "Nilijua."

Basi tukawekewa kikaango kile mikononi, tukaulizwa hukumu. Tuliahidi kuuliza wenye ujuzi na kuandika, kwani tunaamini kwamba nyumba iliyofikwa na jambo hili si moja.

Kwanza yafaa tujue ngozi ile ni kitu gani. Mnamo tarehe 6 Aprili 1938, huko Marekani, mwanakemia kijana aitwaye Roy Plunkett, wa kampuni ya DuPont, alifungua mtungi wa gesi, gesi isitoke. Alipoupima akaona uzito haukupungua. Alipoukata akakuta unga mweupe, wenye utelezi kama nta. Ile gesi ilikuwa imegandamana yenyewe kwa yenyewe. Unga huo ndio uliokuja kuitwa Teflon. Hakuna asidi kali iuwezayo, wala karibu hakuna kitu kiushikacho. Wakati wa vita vikuu vya pili ulitumiwa katika mambo ya siri ya kutengeneza bomu la atomiki, kwa kuwa uliweza kustahimili gesi za urani zilizokula kila kitu kingine. Ni Mfaransa mmoja, Marc Grégoire, aliyepata mwaka 1954 namna ya kuugandisha juu ya alumini, na yasemekana ni mkewe, Colette, aliyemwambia aujaribu katika vyombo vyake vya kupikia. Mwaka 1956 wakaanzisha kampuni ya Tefal.

Msomaji mwenye kufikiri atauliza hapo hapo: kitu kisichoshikwa na chochote, kimeshikwaje na kikaango? Swali hili ndilo ufunguo wa jambo zima. Kiwandani huikwaruza kwanza alumini kwa kuipuliza mchanga kwa nguvu, mpaka iwe na vijishimo visivyoonekana kwa macho. Kisha hupaka tabaka ya kwanza yenye gundi maalumu, iingie katika vijishimo hivyo ijing'ang'anize; juu yake tabaka ya pili, na pengine ya tatu; kisha huoka katika tanuru yenye moto wa digrii 400 hivi za sentigredi. Utando ule haukugandishwa kama rangi inavyogandishwa ukutani. Umeshikwa kwa kung'ang'aniza tu, kama mti uliopenyeza mizizi katika mwamba. Ukishang'oka, mizizi nayo imekatika.

Kwa sababu hiyo twasema pasipo kuficha: utando wa namna hii ukibabuka haurudi. Maziwa hayaurudishi, mafuta hayaurudishi, na mkebe wa dawa ya kupuliza hauurudishi ila kwa siku chache. Mafuta aliyooka kijana wetu yaligeuka kuwa tabaka ya kunata juu ya utando uliosalia, nayo ndiyo iliyoshika chapati ya siku ya tatu. Ulaya zipo karakana zinazovua utando wa zamani wote na kupaka mpya kwa tanuru. Lakini gharama ya kukisafirisha kikaango kutoka Mbinga mpaka huko ingenunua vikaango vingine kadhaa.

Lakini hapa yapasa tupambanue, kwani watu wengi hutupa kikaango kizima wakidhani kimekufa. Kipo kikaango kilichobabuka, na kipo kilichochafuka tu. Ukikitazama kwenye mwanga, ukaona alumini nyeupe imetokeza, au utando unainuka kwa ukucha, hicho kimebabuka. Lakini ukiona utando ungali mzima, bali umefunikwa na doa la rangi ya kahawia lenye kunata, hilo ni mafuta ya zamani yaliyoungua. Hicho chaweza kuponywa. Tia maji, tia kijiko kimoja cha baikaboneti ile itumiwayo katika maandazi, chemsha polepole kwa dakika kumi, acha yapoe, kisha sugua kwa dodoki bila haraka. Rudia ikiwa lazima. Usitumie magadi wala majivu, maana hivyo ni vikali na hula alumini. Kisha jaribu kwa tone la maji: likijikusanya likaviringika kama ushanga, kikaango kimerudi.

Ama kuhusu madhara, tumesikia maneno mengi, mengine ya kutisha kupita kiasi na mengine ya kupuuza kupita kiasi. Vipande vya utando vikimezwa pamoja na chakula hupita tumboni na kutoka kama vilivyoingia. Yule aliyekula chapati yenye kipande cheusi asikose usingizi. Hatari iliyo kubwa ni moto. Utando huu huyeyuka kwenye digrii 327, na ukizidishiwa moto huanza kuvunjika na kutoa moshi wenye sumu. Maji yakiwamo chomboni hayawezi kupita 100, na kwa hiyo sufuria yenye mchuzi ina salama. Lakini kikaango kitupu juu ya kuni zinazowaka hupita kiasi hicho katika dakika chache tu. Mwenye kuuvuta moshi ule hupatwa na homa ya kutetemeka na kifua kubana, mfano wa mafua makali, kwa siku moja au mbili. Na ndege huuawa nao. Watu wa Ulaya wanaofuga kasuku karibu na jiko wameyajua hayo kwa majonzi. Nasi ambao kuku wetu hulala jikoni, yatupasa kuyajua.

Tena ipo sumu nyingine, iitwayo kwa kifupi PFOA, iliyokuwa ikitumiwa viwandani katika kuutengeneza utando. Hii hukaa mwilini miaka, na mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliihesabu miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Viwanda vikubwa vya Marekani viliiacha kufikia mwaka 2015, na mwaka 2019 mataifa yaliitia katika orodha ya vitu vinavyopigwa marufuku kwa mkataba wa Stockholm. Waliodhurika zaidi ni wale waliokunywa maji ya karibu na viwanda, wala si wapishi. Hata hivyo, kikaango cha zamani kisichojulikana kimetoka wapi, nacho kimekwisha kubabuka, hatuoni sababu ya kukishikilia.

Yule mama wa Maguu, basi, aliuliza swali la haki. Chombo kisichovumilia moto wala mchanga ni chombo gani? Jawabu ni kwamba ni chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya jiko lisilo lake. Kimekusudiwa moto mdogo wa gesi au umeme, unaopunguzwa kwa kidole; kimekusudiwa mwiko wa mti na kitambaa laini. Mkaza mwana alikuwa na haki kulilia zawadi ya shangazi yake. Mama mkwe naye hakufunzwa na mtu yeyote, na alikitendea kile kikaango kwa adabu ile ile aliyovitendea vyombo vyake vyote kwa miaka arobaini.

Jioni ile, baada ya magharibi, mkaza mwana alitoka chumbani akaja kutusalimu, na katika mazungumzo akatukumbusha jambo tulilokuwa tumelisahau. Alisema kwao Kilwa bibi yake alikuwa na sufuria kubwa ya shaba, ya kupikia pilau ya harusi, na ndani yake ilikuwa nyeupe. Weupe ule ulipochakaa, ikapelekwa kwa fundi, ikarudi nyeupe tena. Neno lenyewe "sufuria" tumelitoa katika Kiarabu, na asili yake ni "sufr", maana yake shaba. Chakula chenye uchungu kama ukwaju au ndimu hakifai kupikwa katika shaba tupu, kwa kuwa shaba huingia katika chakula na kukitia sumu. Kwa hiyo watu wa zamani waliipaka bati ndani. Fundi wa kazi hiyo Waarabu humwita mubayyidh, yaani mwenye kufanya kiwe cheupe. Hukisugua chombo mpaka kiwe kitupu, hukipasha moto, hunyunyiza chumvi ya amonia ya kuondoa kutu, kisha hugusa bati safi, nalo huyeyuka kwenye digrii 232. Halafu kwa bonge la pamba huliparaza upesi kila upande. Mbele ya macho yako chombo chekundu hugeuka kama fedha.

Tazama sasa. Nayo bati huyeyuka kwa moto mdogo kuliko hata ule wa Teflon, na hata sufuria ya shaba ilikuwa haiachwi tupu juu ya moto. Lakini utando wake ulirudishika. Ulipokwisha hukuitupa sufuria, ulimtafuta fundi. Leo mafundi hao ni haba, na mwenye kumpata amwulize jambo moja: anachotia ni bati safi, au amechanganya na risasi ya kuungia? Risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo, na haionekani wala haina ladha ya kumwonya mlaji. Kwa sababu hiyo hiyo twawaonya wale wanaofikiri kupeleka kikaango kilichobabuka kwa mfua sufuria ili kiyeyushwe pamoja na vyuma vingine. Mwaka 2014 wataalamu waliochunguza vyombo vya alumini vilivyoyeyushwa Kameruni kutokana na vyuma chakavu walikuta vikitoa risasi katika chakula.

Lakini kwa nyumba ya mlimani penye kuni, ushauri wetu ulikuwa mwingine. Wapishi wa vitumbua wamekuwa na dawa hii tangu zamani, na wala hawaiiti dawa. Nenda kwa mama auzaye vitumbua sokoni asubuhi, utazame chuma chake. Ni cheusi, chang'aa, na kitumbua hugeuzwa kwa kijiti tu. Jaribu kukiosha kwa sabuni na nyuzi za chuma, uone atakavyokutazama! Weusi ule si uchafu. Mafuta membamba yakipashwa moto mkali juu ya chuma hugeuka yakawa kitu kigumu, kikavu, kilichoshikamana na chuma chenyewe. Huo nao ni utando usioshika chakula, ila huu hufanywa na mkono wa mpishi, na ukiharibika mkono ule ule huurudisha.

Tulimweleza mama mkwe namna yake, naye alituelewa kabla hatujamaliza. Chukua kikaango cha chuma, kikiwa kipya au chenye kutu. Kisugue kwa mchanga mpaka kutu yote itoke. Hapa mchanga una kazi yake. Kioshe, kikaushe juu ya moto mpaka kisiwe na unyevu hata kidogo. Kipake mafuta ya alizeti ndani na nje kwa kitambaa, kisha chukua kitambaa kikavu uyafute yote, kana kwamba uliyapaka kwa makosa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani mafuta yakiwa mengi hunata badala ya kukauka. Kiteleke tena mpaka kitoe moshi, na moshi uishe. Kipoe. Rudia mara nne au tano. Mafuta ya nazi, ijapokuwa ni matamu kwa kukaangia, hayafai kazi hii, kwa sababu hayakauki, alizeti hukauka. Baada ya hapo usikipikie nyanya nyingi wala ukwaju mpaka kimezoea, usikiache na maji usiku kucha, na ukikiosha kikaushe motoni.

Jambo moja hapa lataka hadhari kwa Waislamu. Vitabu vingi vya Ulaya vinavyofundisha kazi hii vyaagiza mafuta ya nguruwe. Mwenye kufuata maelezo ya kigeni na asome vizuri, au amwulize anayejua lugha. Na vikaango vizito vya chuma vinavyokuja katika mitumba, ambavyo hujui vilipikiwa nini? Hatuoni sababu ya kuviacha. Swahaba Abu Tha'laba al-Khushani, ambaye watu wake walikaa pamoja na watu wa Kitabu, alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya vyombo vyao, naye akamwelekeza kwamba wakipata vingine wavitumie hivyo, na wasipopata wavioshe kisha wale ndani yake. Kikaango cha chuma chaweza kufanyiwa zaidi ya kuoshwa: kitie katikati ya makaa mpaka utando wa zamani wote uungue uwe majivu, kisugue, kioshe, uanze upya. Jamaa zetu wa Maguu, ambao majirani wao wengi ni Wakristo na huazimana vyombo katika harusi na misiba kwa wema mkubwa, walilipenda jibu hili.

Na asiye na fedha ya chuma asidharau chungu. Chini ya milima hiyo lipo Ziwa Nyasa, na katika pwani yake ya kaskazini mashariki, Ikombe karibu na Matema, na Lupingu, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vyembamba ambavyo sifa zake zimeenea ziwani kote. Chungu kikianza kushika au kunusa samaki, kipashe moto kikauke kabisa, kisha chemsha ndani yake uji mwepesi, uuache upoe humo, uumwage. Unga wa uji hujaza vitundu vya udongo, na uso wake hutulia. Mbasa aliyepikwa katika chungu cha namna hii hana haja ya Teflon.

Tulipoondoka siku ya tatu, kijana alikuwa amekwenda Mbinga mjini na kurudi na kikaango cha chuma, kizito, kimeshika kutu pembeni. Alikipata kwa bei ya chini kuliko alivyotazamia. Mama mkwe alikisugua mwenyewe. Mkaza mwana alipaka mafuta, akafuta, akapaka, akafuta, na moshi ukawatoa wote wawili nje mara mbili wakikohoa. Kile kikaango cha shangazi kilikuwa kimekwisha kupata kazi nyingine: kilifunika mtungi wa maji, na kilienea mdomo wa mtungi kana kwamba kilikatiwa kipimo.

Chapati ya kwanza iligoma. Ya pili ilichanika katikati, mama akampa mtoto. Ya tatu ilitoka nzima. Mkaza mwana aliigeuza, akaitazama nyuma yake, akamtilia mama mkwe katika sahani. Shangazi wa Kilwa hajaambiwa bado, na tumeombwa tusitaje jina la mtu yeyote mpaka yeye mwenyewe atakapokuja Maguu, inshallah, baada ya mavuno.